Siku Niliyoomba Benki Ishushe Kikomo cha Kadi Yangu

Bwana na apewe sifa zake, ndugu zangu! Wanaonijua wanajua kwamba mimi si mtu wa kuruka-ruka. Kazi yangu ni kutunza vipuri katika ghala la kampuni ndogo inayotengeneza malori ya mgodi, na mtu wa ghala huzoea kusema kilichopo na kisichopo. Nitasema hivyo hivyo.

Miaka mitatu iliyopita nilisimama hapa hapa nikatoa ushuhuda. Wengi mnaukumbuka. Benki ilikuwa imenipa kadi ya mkopo kwa kuwa mshahara wangu unapitia kwao. Baada ya miezi sita wakaniandikia kwamba kikomo cha kadi, kile tunachokiita plafon, kimepanda kutoka dola mia tano hadi elfu mbili. Nikadhani ni baraka! Nilisema mbele yenu kwamba Mungu ameniinua, akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele, nami nikaweka sadaka ya shukrani mezani. Ndugu zangu, sadaka ile niliitoa kwenye kadi yenyewe. Nilimshukuru Mungu kwa pesa ya benki, wala sikuona shida.

Habari ikafika hadi kwa jamaa zangu wote. Mambo yetu mnayajua: mtu akifa, wazee wakishahesabu bei ya sanduku, chakula na gari la kubeba maiti, wanamgeukia yule mwenye kazi. Kaka yangu mkubwa analima mihogo huko Kasaji. Kila msiba ulipotokea alinipigia simu akisema, "Leo weye njo mukubwa yetu. Tuma." Nami, mdogo niliyeitwa mkubwa, nilituma. Sikwenda. Nilisema kazi hainiruhusu, na kwa kuwa pesa ilikuwa imetangulia, hakuna aliyenilaumu. Alikufa shangazi, akafuata mjomba, akafuata binamu yangu, akafuata mtoto wa binamu huyo ambaye hata sura yake sikuijua. Kila mara nilienda kwenye mashine ya benki, nikatoa kwa kadi ile, nikatuma kwa simu, nikajiona mtu.

Kisha ukafika mwezi ambao mshahara uliingia asubuhi na benki ikauchukua karibu wote kwa deni la kadi kabla ya saa sita mchana. Binti yangu Ngoie alikuwa darasa la mwisho, na pesa ya mtihani wa serikali ilitakiwa wiki ile ile. Nikamwambia sina. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Tata, ile pesa Mungu alikupa, ilienda wapi?" Niliona aibu mbele ya mtoto wangu mwenyewe. Mama yake aliuza vitenge vyake viwili, na mtihani ukalipwa.

Nikauza pikipiki. Kwa mwaka mmoja na zaidi nilitembea kwa miguu kutoka nyumbani Musonoi hadi ghalani, vumbi la malori likinijaa usoni, mpaka deni likaisha. Hapo mnangoja niseme haleluya. Ngojeni kwanza, kwa sababu vita ilianza hapo! Deni lilikwisha, lakini dola elfu mbili zilikuwa bado zimefunguliwa, zinaningoja mimi. Je, niende nikaombe zipunguzwe, au niziache?

Niliombea jambo hilo wiki tatu. Nilitaka Mungu aniambie niziache kwa ajili ya dharura. Ukweli ni kwamba sikuogopa dharura yoyote. Niliogopa siku ambayo kaka atapiga simu nami nitasema sina. Nisipokuwa wa kutuma, nitakuwa nani katika jamaa yetu?

Mke wangu alinisikia nikizungukazunguka na jambo hilo. Alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya mihogo. "Tata Ngoie," akasema, "ulilipa ile deni yote juu ya kukopa tena?"

Nikamwambia, "Na kanisani? Mi nilishatoa ushuhuda!"

"Utatoa ingine," akasema, akaendelea kutwanga.

Kesho yake nilikwenda benki. Dada wa dirishani alinitazama mara mbili. "Tata, batu bote banakuja kuomba bapandishe. Weye unaomba bashushe?"

"Ndiyo, mama. Mupaka dola mia mbili."

Akanipa karatasi ya kujaza. Palikuwa na mstari wa sababu. Niliandika: Ninajijua. Dada yule akasoma, akapiga muhuri, hakucheka. Ndugu zangu, sikusikia sauti kutoka juu, sikuona nuru. Nilisikia njaa tu, nikanunua mandazi mlangoni, nikala nimesimama. Hata hivyo nasema ulikuwa mkono wa Bwana, kwa maana mimi peke yangu nilikuwa nimeshindwa wiki tatu nzima!

Miezi miwili haikupita, kaka akapiga simu. "Mama mudogo alikufa leo. Tuma."

"Yaya, sina," nikamwambia kaka yangu. "Plafon nilishusha. Iko dola mia mbili tu, haitoshi sanduku."

Akasema, "Basi, kuja weye mwenyewe. Hatukuonake miaka mingi."

Nilipanda lori, nikafika Kasaji nimechoka, nikazika pamoja na wengine. Hakuna aliyeniuliza habari ya pesa. Baada ya maziko kaka alinishika mkono tukiwa bado makaburini, akaanza kunionyesha. "Shangazi, ni huyu. Mujomba, ni huyu. Binamu yako ni hapa, na mutoto yake iko pembeni yake." Yalikuwa makaburi manne ambayo masanduku yake niliyalipa mimi, na sikuwa nimelifikia hata moja. Niliomba msamaha kwa kila mmoja, kwa jina.

Namshukuru Mungu aliyenipunguza! Ninajua kuna mtu hapa ndani ambaye ana kadi mfukoni na anaogopa kusema "sina" mbele ya watu wake. Ndugu yangu, mtumaini Bwana. Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni pa benki saa mbili, nitaingia pamoja nawe. Ukimaliza, nenda ukawaone watu wako wakiwa bado hai.