Alama Mbili Juu ya Kioo Kimoja

Amani iwe nanyi, wasikilizaji wapendwa, popote mlipoketi kutusikiliza. Leo tunamkumbuka mchunguzi wa alama za vidole, aliyefariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Kazini walimwita Mama Vidole. Kwa miaka thelathini na mmoja alikalia kiti kilekile, mbele ya taa yenye shingo ndefu na makopo ya unga mweusi wa kuibua alama.

Mumewe, fundi magari mstaafu, anasema: "Siku ya kwanza hakunitazama usoni. Alitazama viganja. Nikajua hapa uongo hautapata pa kulala."

Wasikilizaji wapendwa, sikieni kisa kilichompima. Dawa ziliibwa Jumapili katika stoo ya zahanati. Kwenye kioo cha dirisha zilikutwa alama mbili za vidole, zimelaliana. Moja ilikuwa ya mwizi, aliyekwisha kukamatwa. Nyingine ilikuwa ya mwanamke mfanya usafi, ambaye alisema aligusa kioo kile mara ya mwisho Ijumaa, akiwa kazini. Swali lilikuwa moja tu: ipi ilitangulia? Ikiwa yake iko chini, amesema kweli. Ikiwa iko juu, alikuwapo wizi ukifanyika.

Mama Vidole alipaka unga, akatazama, akaandika: ya mfanya usafi iko juu. Akatia sahihi. Yule mwanamke akapelekwa mahabusu, watoto wake wawili wakabaki kwa shangazi yao.

Wiki chache baadaye Mama Vidole alikuwa nyumbani akiandaa vioo vya kufundishia wanagenzi. Kwenye kimoja, mumewe alikuwa amebonyeza kidole Jumatatu, ametoka gereji. Yeye akabonyeza juu yake Alhamisi. Alipopaka unga, cha mume kikaonekana juu.

"Baba watoto, umekigusa tena kioo hiki?"

"Nani athubutu? Nyumba hii hata nzi huomba ruhusa kwanza."

Hakucheka. Alirudia jaribio kwa vioo ishirini. Jibu likawa lilelile: kidole chenye mafuta mengi hujitokeza juu, hata kama ndicho kilichotangulia. Na mfanya usafi yule alikuwa na mazoea ya kupaka mafuta mazito, maana sabuni ilimpasua mikono.

Asubuhi akaingia kwa mkuu wake.

"Mama, ripoti imeshatiwa sahihi," mkuu alimwambia. "Ukiifuta, utafuta na cheo unachokisubiri."

"Mzee, cheo hakilali mahabusu. Aliyelala huko ni mtu."

Akakipeleka kioo kwa mkemia, aliyejua kupima jinsi mafuta ya ngozi yanavyosambaa kutoka kwenye mistari ya kidole siku baada ya siku. Mafuta ya mfanya usafi yalikuwa yamesambaa mbali. Ya mwizi yalikuwa bado yamebana kwenye mistari yake. Yaani, wasikilizaji: alama ya mfanya usafi ndiyo iliyotangulia.

Mahakamani, mwendesha mashtaka alimkejeli: "Juzi juu, leo chini. Kesho itakuwa pembeni? Tukuamini vipi?"

"Msiniamini mimi, mheshimiwa. Mimi nilikosea. Kitazameni kioo."

Mfanya usafi aliachiwa huru baada ya siku arobaini na saba. Naye Mama Vidole akataka ripoti zake zote za alama zilizolaliana zifunguliwe upya. Zilikuwa kumi na tisa. Kosa jingine likapatikana, la mtu aliyekwisha kumaliza kifungo chake. Binti wa Mama Vidole anakumbuka: "Barua ya kumwomba radhi mtu yule aliiandika mara nne. Kila ilipoonekana kujitetea, aliichana." Cheo hakikuja tena, wala hakukiulizia.

Mfanya usafi yule ametupigia simu. Alisema: "Nilipotoka alinisubiri langoni. Akaniambia, 'Mwanangu, nilikosea.' Nikampita, nikaenda kwa wanangu. Siku arobaini na saba si mchezo. Lakini kati ya wote walionifunga, wa kuja langoni alikuwa yeye peke yake."

Kwa mumewe, bintiye na wajukuu, tunawapa pole za dhati. Mungu awatie nguvu, na marehemu ampumzishe kwa amani. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize: ni neno gani tulilolitamka kwa uhakika juu ya mwenzetu, na hatujarudi kulichunguza? Aliye nalo asingoje kesho. Kuna mtu anahesabu siku.