Fransis Marselino na Mwendo wa Malaika

Ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo, na majirani zetu Waislamu, asalaam aleikum. Mimi ni Wilbert, mkwe wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia, na maneno haya ni ya mama mkwe wangu, Bibi Adelina, aliyenitamkia nikaandika, akanikataza kupunguza hata moja.

Marehemu Fransis Marselino alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1908 huko Masasi, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1929 akaja Dar es Salaam, akapata kazi ya upakuzi bandarini, akakaa hapa Kurasini, na jioni akawa anafundisha katekisimu. Tarehe 14 Juni 1934 alifunga ndoa na Adelina, wakajaliwa mabinti wawili, Anastasia aliye mbele yenu, na Rosalia, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1938.

Mwezi wa Machi 1943 Rosalia alishikwa na homa kali, Adelina akajifunga kanga ambebe mtoto ampeleke dispensari, marehemu akasimama mlangoni akasema, tulia mama Anastasia, nimekwisha omba, Gabrieli alimfikia Danieli kabla hajamaliza kusali, wa kwetu yuko njiani, ukimtoa mtoto atatukosa. Atatukosa! Kana kwamba malaika angeshindwa kuuliza njia ya dispensari. Adelina akatii, maana msomi wa nyumba alikuwa mume, wakangoja asubuhi hadi alasiri, na mtoto akakata roho mapajani mwa mama yake.

Baada ya matanga ndipo marehemu alipofunua ukurasa unaofuata, akakuta malaika mwingine akimwambia Danieli kwamba dua ilisikiwa siku ya kwanza, ila yeye alizuiwa njiani siku ishirini na moja. Tangu hapo hapakuwa na raha ndani ya nyumba ile, ikawa malaika asubuhi, malaika jioni, paa linavuja na mwenye nyumba anapima mbingu.

Alimwuliza Padri malaika huenda kwa mwendo gani, Padri akamjibu kwamba malaika hana mwili, hasafiri kama treni. Alimwuliza jirani yake Mzee Fakihi, akaambiwa Kurani yataja malaika kupanda kwa siku moja ambayo kipimo chake ni miaka elfu hamsini, marehemu akacheka, akasema, basi wenu ni wazito kuliko wetu, Fakihi naye akamrudishia, wetu wanafika, bwana, wako ulimngoja mlangoni. Wakanuniana mwezi mzima. Aliniuliza na mimi mkwewe, kwa kuwa ni mwalimu, nikamwambia mwanga hutoka juani hadi kwetu kwa dakika nane, lakini kutoka nyota iliyo karibu kabisa baada ya jua ni zaidi ya miaka minne, hivyo malaika wa mwendo huo angemkuta Danieli ameota mvi angali amepiga magoti. Adelina alikuwa akisonga ugali, akauliza kutoka jikoni, na mtu mwenye miguu miwili, kutoka hapa hadi dispensari, anachukua muda gani? Hakutaka kipimo cha mbingu, alitaka mumewe aseme, nilikosea, basi.

Mwezi wa Novemba 1955 marehemu alianza kuugua kifua, na tarehe 9 Februari 1956 alizidiwa, Adelina akamwita Fakihi, Fakihi akaleta mkokoteni wake wa kuni, wakampakia, wakasukuma kwa zamu. Walipomteremsha dispensari marehemu aliangalia nyuma, akasema, kumbe ni hapa tu. Adelina akainama, akatega sikio apate yaliyobaki. Marehemu akamgeukia daktari, akamwuliza roho ikitoka huenda kwa mwendo gani, daktari akamwambia, mzee, vuta pumzi kwanza. Alifariki dunia tarehe 12 Februari, alfajiri, na neno lile hakulisema.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi, wenzake wa bandarini waliochimba kaburi, Padri, majirani wote wa Kurasini, na Mzee Fakihi, ambaye mabega yanamwuma hadi leo.

Fransis, mume wangu, ndivyo alivyosema Bibi Adelina niandike, miaka kumi na mitatu nimekungoja, sasa nimechoka. Mtafute kwanza Rosalia, umwambie yeye, kisha upumzike kwa amani.