Nives Malagoli wa Bonvicini, Mwanamke Aliyesema Kosa ni Lake

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Jumanne asubuhi, hapa kwetu Sant'Orsola, kwenye tambarare ya Emilia, ametutoka Nives Malagoli. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Kwa wengi wenu jina hilo ni geni. Lakini timu ya Bonvicini si ngeni kwa yeyote. Yale magari ya rangi ya divai, yaliyotwaa ubingwa wa langalanga, mbio za magari, mara tano katika miaka saba. Nives ndiye aliyekuwa akiamua magari yale yaingie lini kubadilisha matairi. Narudia, wasikilizaji: ubingwa mara tano katika miaka saba, na neno la mwisho kuhusu matairi lilikuwa la Nives.

Uhandisi hakuusomea. Alikuwa fundi cherehani. Aliingia karakana ya Bonvicini akiwa na miaka kumi na tisa, kushona ngozi za viti vya madereva. Siku moja ya majaribio, mpima muda aliamka na homa. Mzee Bonvicini, mwenye timu, akachungulia chumba cha kushonea.

"Nani humu ana macho?"

Wanawake wakacheka, wakamsukuma Nives mbele. "Mchukue huyu! Anaona mshono umepinda hata ukiwa mikononi mwa mwenzake. Ametuchosha!"

Akapewa saa ya kupimia muda na ubao wa kuandikia. Baada ya mizunguko thelathini akamwambia mzee jambo ambalo hakuulizwa. "Gari la pili linazidi kuchelewa kidogo kila mzunguko, kwenye kona ileile. Msimlaumu dereva. Matairi ya nyuma yamechoka." Matairi yakavuliwa. Yakaonekana yameliwa upande mmoja. Tangu siku hiyo Nives alikaa kando ya njia ya mbio, na cherehani ikaachiwa mwingine.

Mumewe, Bwana Learco, ni mwoka mikate mstaafu. Nilipomtembelea juzi alinihadithia uchumba wao. "Nikisema nakuja saa kumi, nikifika ananiambia, 'Learco, umechelewa dakika nne na nusu.' Na mkononi hana saa! Nikajisemea, hapa mimi nimekwisha. Nikamwoa."

Mzee Bonvicini alipofariki, timu ilichukuliwa na mwanawe, Mhandisi Ettore. Timu iliyokuwa ikishinda jana ikawa ya kuhangaika. Gari lilikuwa zito kwenye kona. Injini zilikufa njiani. Na kila waliposhindwa, Mhandisi Ettore alimtafuta wa kumbebesha lawama, akamfokea mbele ya wote. Leo fundi wa breki, kesho mpima mafuta. Mjini watu walifanya mzaha. Kwenye baa ya uwanjani, mmoja angeuliza, "Jana Bonvicini walifika wa ngapi?" na mwenzake angejibu, "Wa kwanza. Kufika nyumbani kula."

Hata hivyo, mwaka mmoja bahati iliwaangalia. Walikuwa na dereva kijana, mzaliwa wa hapahapa, Davide Ruffilli. Kijana akasukuma gari bovu kwa nguvu zake mwenyewe, hadi mbio za mwisho, mbio za nyumbani, akiwa anaongoza kwa alama. Alihitaji kumaliza katika watano wa kwanza tu, awe bingwa.

Ikiwa imebaki mizunguko kumi na moja, matone yakaanza kudondoka. Sauti ya Davide ikaingia masikioni mwa Nives.

"Bi Nives, mvua hiyo. Niingie?"

Kompyuta zilisema mvua inapita. Nives aliitazama mbingu na akajua kuwa haipiti. Alijua, wasikilizaji. Lakini wiki mbili kabla alikuwa amemwita Davide mapema, mvua haikuja, na Mhandisi Ettore akamwita kikongwe wa sindano mbele ya mafundi arobaini. Maneno yale yalikuwa bado yanamchoma. Sasa Mhandisi alikuwa amesimama nyuma yake.

"Subiri," akasema.

Mzunguko mmoja ukapita. "Bi Nives, gari linateleza. Niingie?"

"Baki, mwanangu. Mmoja zaidi."

Katika huo mmoja zaidi, gari liliteleza, likazunguka mara mbili, likakwama kwenye kokoto. Davide alitoka mzima. Ubingwa ulikwenda kwingine. Na mpaka leo, Bonvicini hawajauona tena.

Mhandisi Ettore akawaambia waandishi wa habari: "Tulimwita aingie. Dereva hakusikia la mtu." Davide, aliyefungwa na mkataba, alinyamaza. Kesho yake gazeti likamwita kiziwi. Nives akalisoma akiwa kwenye kiti cha jikoni, akalikunja. Alisema moyoni kwamba mambo ya magazeti hupita upesi. Akachukua kikapu kwenda kununua nyama.

Buchani palikuwa na foleni. Mbele yake alisimama Bi Iole, mama yake Davide. Mwenye bucha akamtazama mama yule, akatabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Bi Iole, leo nina masikio ya nguruwe. Nikufungie jozi moja, umpelekee mwanao?"

Watu wakacheka. Bi Iole akafunga mkoba wake, akatoka bila kununua kitu.

Nives naye akatoka. Akaacha kikapu chake pale chini, akapanda baiskeli, akaenda moja kwa moja hadi lango la karakana. Waandishi walikuwa bado wamejazana.

"Andikeni," akawaambia. "Dereva aliuliza mara mbili. Mimi ndiye niliyemwambia abaki. Kosa ni langu."

"Bosi wako anasema vingine, bibi."

"Bosi hakuwa akiongea naye. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongea naye."

Mhandisi Ettore akamwita ofisini. Wafanyakazi waliokuwa ukumbini walisikia kila neno. "Umeniaibisha mbele ya Italia nzima!"

"Na wewe umemwaibisha mama wa watu mbele ya nyama," Nives akajibu.

Akarudishwa kwenye cherehani. Baada ya miaka ishirini na miwili kando ya njia, alirudi chumba kilekile cha kushonea viti. Bwana Learco alimsihi aache kazi kabisa. "Nilimwambia, njoo tuoke mikate, mwanamke, hao wasikuone tena. Akaniambia, 'Learco, nikiondoka watasema nilifukuzwa kwa kusema kweli, na wengine watajifunza kunyamaza. Nikibaki, wataniona kila siku naingia getini.'"

Aliingia getini kwa miaka tisa. Wenzake wanakumbuka kwamba injini ilipojaribiwa uani, Nives alisimamisha cherehani, akasikiliza, kisha akaendelea kushona. Maoni hakuulizwa. Naye hakuyatoa. Ila wanasema mara moja moja macho yake yalilowa, akasingizia vumbi la ngozi.

Timu ikazidi kuzama. Wa nane. Wa tisa. Magari yalikuwa yakiitwa kubadilisha matairi wakati wenzao wameshabadilisha. Hatimaye Mhandisi Ettore akaugua, na binti yake, Elettra, akashika timu. Wiki ya kwanza aliteremka chumba cha kushonea, akavuta kigoda, akaketi.

"Bi Nives, nina watu waliosoma, nina kompyuta za kila aina. Kwa nini tunaamua tumechelewa?"

Nives hakuinua macho kutoka kwenye ngozi. "Kwa sababu kila mtu pale anangoja mwenzake atangulie kukosea. Mimi nilingoja mizunguko miwili. Najua nikisemacho."

"Basi nifanye nini?"

"Jumatatu waite wote. Taja kosa lako wewe kwanza. Halafu nyamaza. Usimfokee atakayefuata."

Elettra akafanya hivyo, akamtaka Nives aketi kando yake. Jumatatu ya kwanza alitaja kosa lake, na chumba kizima kikatazama viatu. Jumatatu ya tatu, fundi mmoja wa magurudumu akainua mkono. Ya nne wakainua watatu.

Sitawadanganya, wasikilizaji wapendwa. Ubingwa haukurudi. Walifika wa sita, wakafika wa nne, na mwaka mmoja wakapanda jukwaa la washindi wakiwa wa tatu, mji ukaimba kama umetwaa dunia. Nives alistaafu baada ya hapo.

Davide Ruffilli siku hizi anauza matrekta. Aliniambia kwa simu: "Mama yangu alimpelekea Bi Nives tortellini, zile tambi zenye nyama ndani, kila Krismasi, mpaka mama alipofariki. Hawakuongea sana. Walikaa tu."

Mwezi uliopita Nives hakuweza tena kutoka nyumbani. Mbio za Jumapili alizitazama jikoni, amefunikwa shali, mumewe kando. Wingu likaonekana. Bonvicini wakaita gari lao mapema kabla ya timu nyingine yoyote, wakafunga matairi ya mvua. Mvua haikunyesha. Wakamaliza wa kumi na moja.

"Wapumbavu!" Bwana Learco akapiga meza. "Tazama walivyojiharibia!"

Nives alikuwa anatabasamu. "Nyamaza wewe. Hukuona? Hawakungoja mtu." Kisha akaomba supu, naye Bwana Learco anasema aliimaliza yote, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki nzima.

Kwako Bwana Learco, kwa wanawake wa chumba cha kushonea, na kwa ukoo wote wa Malagoli, tunawashika mikono katika msiba huu. Mungu amlaze Nives pema. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu anayebeba lawama iliyo yako, sehemu yoyote, kazini au nyumbani, leo bado ni mchana. Nitazima kinasa sauti sasa, ili mpate nafasi ya kumpigia.