Tundu Nyuma ya Sanduku la Nguo

Njooni mkae hapa mkekani, wanangu. Wewe Sugeng, acha kusimama mlangoni kama mkata tiketi, na wewe Wuryanti, niinue kidogo nipate pumzi, maana leo nina mchezo wa kuwamiminia na sidhani kama nitaweza kuumimina mara mbili. Na huyo anayechungulia dirishani namjua. Jumirah, jirani yangu, bado sijafa! Nenda kaniletee yule niliyekutuma umwite tangu asubuhi, kisha urudi unitazame mpaka uchoke. Haya, ameondoka.

Mimi mama yenu Ngatinah sina mengi ya kugawa. Nyumba hii ni ya Wuryanti, kwa kuwa ndiye aliyeniosha miezi yote hii bila kununa. Kundi letu la michezo ya jukwaani, Mekar Wilis, ni la Sugeng: jina, mapazia, mataji na mapanga ya mbao, pamoja na ugomvi wake wote. Lakini ngoma siwapi. Sugeng, usinikatize. Ile ngoma kubwa ya mti wa mfenesi, ambayo hata watu wa mji wa Kediri wakiisikia wanajua tumefika, si mali yetu, na sababu yake ndiyo niliyowaitia.

Mnataka kucheza mchezo mpya juu ya mama yangu mdogo, Marsiyem. Nimewasikia mkiupanga, ukuta huu wa mianzi hausitiri neno. Mwanamke wa kwanza kuvaa taji la malkia katika kundi letu, anaingia, anaimba, watu wanashangilia, pazia. Wuryanti, lile taji limekukaa, sikatai. Lakini huyo mliyemtengeneza ni sanamu ya kuwekwa mbele ya ofisi ya wilaya. Marsiyem alikuwa mtu, na alikuwa na hofu.

Waholanzi walikuwa bado wanatutawala, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Malkia wote walichezwa na Mzee Sastro, aliyenyoa ndevu mara mbili kwa siku, na watu waliridhika. Alipokufa, mama mdogo akasema atacheza yeye. Tangu siku hiyo alitazamwa kuanzia anapoamka mpaka anapolala. Kisimani walimtazama, njiani walimtazama, na msidhani ni wanaume peke yao, kwa maana wanawake walizigeuza nguo zake kambani wapate kujua kiuno chake kina ukubwa gani. Siku moja sokoni alimgeukia mmoja. "Mbona unanikodolea macho, dada? Nimeota mkia?" Yule mama akacheka. "Natazama tu. Si ndiyo kazi uliyoitaka mwenyewe?" Mama mdogo akanivuta mkono, tukaondoka bila kununua tulichokifuata.

Nilimpenda, nami nilitaka kuwa kama yeye. Lakini alijipamba peke yake na hakumfundisha mtu. Nikimwomba alisema, "Nenda kateke maji, binti. Uso wako bado haujawa na habari." Basi nikachukua kisu cha kukatia majani ya ndizi, nikatoboa tundu kwenye ukuta wa chumba chake, upande wa nje, nyuma ya sanduku la nguo za mchezo lililowekwa hapo nje, ambapo mtu haonekani. Kila alasiri nikajibanza hapo. Nilimwona akichora nyusi, nilimwona akijaribu kutembea kwa magoti bila kuyumba, nilimwona akilia kimyakimya, akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akapaka poda juu yake, akatoka kwenda kuwa malkia. Kila mlichokisifu kwangu jukwaani miaka hamsini nilikipata kwa jicho moja pale.

Wiki ya tatu nilirudi na ndoo, nikakuta wanaume wawili wamepiga magoti kwenye tundu langu, na wa tatu anawahimiza wampishe. Ilinipasa kupiga kelele. Nilizunguka njia nyingine, nikakaa kimya, kwa kuogopa kwamba tundu likizibwa na mimi nitakosa. Naona aibu kulisema hili, lakini ndivyo nilivyowaza.

Siku mama mdogo alipoliona jicho, lilikuwa jicho langu. Alikuwa na kanga moja kifuani. Jicho hakulitambua ni la nani, wala hakupiga ukelele. Alisogea mpaka nikasikia pumzi zake, akasema, "Tazama vizuri. Kisha nenda kamweleze mama yako ulichokiona." Mama yangu alikuwa dada yake, naye alikwisha kufa. Nikakimbia.

Mama mdogo alimwambia mkuu wa kundi, naye akatukusanya wote. Aliyekaa karibu na ukuta ule alikuwa Kasdi, mpiga ngoma, na Kasdi alikuwa na kisu cha kukatia ngozi za ngoma yake. Wakamwuliza. Akasema, "Si mimi," mara moja tu, akanitazama, kwa maana alikuwa amewahi kunikuta nyuma ya sanduku nikamdanganya kwamba natafuta pini. Alingoja niseme. Mimi nikainamia ndoo yangu. Wakamfukuza jioni ile ile, na ngoma aliyoichonga kwa mikono yake wakaizuia iwe fidia. Alilima mihogo mpaka kufa, na watoto wakimwita Kasdi wa Tundu. Marsiyem naye alikufa akimchukia. Binti ya Kasdi ni Painah, yule anayeuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, sokoni. Mliniuliza mara nyingi kwa nini salamu yangu haiitikii. Sasa mmejua.

Kwetu mchezo hauandikwi. Anayeumimina huwaketisha wachezaji, akawapa kisa kimoja kimoja, na maneno kila mtu akajitafutia jukwaani. Basi pokeeni. Simamisheni ukuta wa mianzi mbele ya jukwaa, ukuta mzima wenye matundu, na Marsiyem awe nyuma yake anajipamba. Watu wachungulie. Watasukumana, mtawaona, hata mkuu wa wilaya ataacha kiti chake. Waacheni mpaka wanogewe, ndipo Marsiyem asogee awaambie yale aliyoniambia mimi, na ukuta uanguke watu wabaki wanatazamana. Kisha atoke msichana mwenye ndoo. Maneno yake peke yake nayatoa mimi. Aseme, "Si Kasdi. Ni mimi, Ngatinah."

Sugeng, najua unachotaka kusema, kwamba mtu hamwumbui mama yake mbele ya wilaya nzima. Mwumbue. Ukiucheza bila tundu, usilitumie jina la Mekar Wilis. Na Wuryanti, lile taji mpe msichana mwingine yeyote mwenye sauti. Wewe utacheza msichana wa ndoo. Usilie, mwanangu... au lia, kisha upake poda.

Nipe maji. Kidogo tu.

Nizikeni karibu na mama mdogo, lakini si sambamba naye, miguuni pake panatosha. Msigombane mbele ya wachezaji. Mungu awape sauti, awape watu wa kuwasikiliza, awape na... na uso usiokimbia unapotazamwa. Nimewaridhia wote wawili, tangu utoto wenu. Nimewaridhia.

Hizo nyayo ni za nani? Fungueni dirisha lote, na mlango. Wacha Jumirah na wenzake watazame, leo nataka watazame. Painah... umekuja. Simama hapo kwenye mwanga, macho yangu yamechoka. Sugeng, ilete ngoma. Iweke miguuni pake.

Painah, mwanangu... baba yako aliulizwa mara moja, na alisema kweli. Si Kasdi. Ni mimi.