Magurudumu Hewani, Siku ya Nne

Kabla hujakaa, jua kwamba benchi hili lina msumari upande wa nyuma, na upande huo ni wa wageni. Mimi ndiye mwenye birika la kahawa. Wateja wangu wa kudumu ni watatu, na kila mmoja anaweza kushika kikombe kimoja tangu asubuhi hadi kivuli cha nguzo ya umeme kifike mlangoni kwa kinyozi, kisha akuambie, "Niongezee moto kidogo." Kuna Dakika, fundi saa, mwenye meza yake ndogo ubavuni mwa benchi, huyo maneno yake ya kuhesabu. Kuna Redio, tarishi mstaafu, ambaye hana swichi ya kuzima. Na kuna Tela, aliyeendesha malori miaka thelathini na moja mpaka goti la kulia likakataa. Wiki tano zilizopita alitoka hospitali na goti jipya la chuma na fimbo mkononi, na daktari hakumficha: lizoeshe kutembea sasa hivi, usipolitumia litaganda, na fimbo hiyo utazikwa nayo. Tangu siku hiyo safari ya Tela ni moja tu, kizingiti chake mpaka benchi langu, na nyumba yake iko hapa mgongoni. Binti yake akamtumia kigari cha rimoti cha kupanda mawe, kile chenye matairi makubwa kinachokwenda polepole. Ujumbe wake: "Baba, kiendeshe, ukifuate." Kukiendesha alikiendesha. Alikaa hapa hapa akakipandisha kwenye kifusi ng'ambo ya mtaro, na kila kilipokwama, nani alikwenda kukinasua? Mwenye birika. Wiki tatu, vumbi likala bushi za ekseli, vile vijipete vya plastiki unamozungukia mhimili wa gurudumu, mpaka magurudumu yakawa yanacheza kama meno ya mtoto wa miaka sita.

Siku ya kwanza, Dakika alikuja na bushi nane za shaba, kila moja ndogo kuliko kifungo cha shati. Redio akaomba azishike yeye. Ya saba akaiangusha, ikabingirika hadi chini ya benchi, ikalala karibu na kiatu cha Tela.

Redio: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tela, iko kwako.

Tela alitazama chini. Akatazama goti. Akanitazama mimi.

Tela: Mwenye birika, wewe bado kijana.

Nina miaka hamsini na minane. Niliinama, nikaiokota.

Dakika hakugonga kitu. Alifuta tundu kwa kitambaa, akatia tone la mafuta, akaisukuma kila bushi kidogo kidogo kwa jiliwa lake dogo la kubania, kipande cha ubao katikati ili shaba isiumie. Akapitisha mhimili, akauzungusha kwa kidole. Ulizunguka, lakini kwa ukaidi, na ukalia kidogo.

Redio: Inalia! Umeiharibu!

Dakika: Mpya zote hulia. Usiikimbize, usiiache. Nusu saa hewani, mbele na nyuma, taratibu. Ufute weusi, utie tone jingine, kisha kitembee mahali tambarare. Mawe baadaye.

Tela: Nusu saa? Bwana wee! Lori langu, tukibadilisha bushi, kilomita elfu moja bila mzigo. Elfu moja!

Redio: Lori ni kubwa. Hiki ni kidogo mara ishirini. Kwa hiyo kilomita hamsini.

Dakika: Kwa mwendo huu ni zaidi ya siku nzima bila kulala.

Redio: Ndiyo hivyo! Haraka haraka haina baraka.

Tela: Tulieni. Mimi nina utaratibu. Umeandikwa na wataalamu.

Akatoa mfukoni mwa shati karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua nusu tu, nusu nyingine akaibana kwa kidole gumba. Redio husahau miwani yake nyumbani tangu aanze kuivaa, na mimi nilikuwa nasuuza vikombe. Akasoma mwenyewe.

Tela: "Wiki ya kwanza. Bila uzito. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Baada ya hapo, nyanyua juu ya mto."

Dakika: Mto?

Tela: Mto. Soma wewe basi kama unajua kuliko wao. "Likivimba, weka barafu."

Redio: Hapo sasa! Vyuma huvimba! Nimesema miaka yote humu, mkanicheka.

Basi mto ukaletwa, ule mdogo wa kochi, wenye maua. Kigari kikalazwa juu yake, magurudumu hewani. Barafu alitoa kinyozi kwenye friji yake ya soda, na hakuuliza chochote, maana kinyozi anatujua. Karatasi ikatandikwa chini kunyonya maji na mafuta, upande ulioandikwa ukiwa juu, nusu imekunjwa. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Tela alikuwa akihesabu kwa sauti, na ungedhani anasali.

Siku ya pili Redio alifika na jipya.

Redio: Nimewaza usiku kucha. Hizi bushi zimetoka nchi ya baridi. Zina ugeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ekseli ndiye mwenyeji, sasa anaugua kwa kumzoea mgeni.

Dakika: Methali inasema mwenyeji anapona.

Redio: Anapona baada ya kuugua. Ungepona vipi kama hukuugua?

Siku ya tatu akageuza mto mzima, kigari kikaelekea kifusi.

Redio: Lazima kione mawe kinakoenda. Usimtume mtu asikokujua.

Dakika: Chuma hakina macho.

Redio: Kama hakina macho, mbona chuma hukimbilia sumaku ya mbali? Kimeiona. Tena tungeanza mapema. Samaki mkunje angali mbichi!

Tela: Hapa hakuna wa kukunjwa!

Alisema kwa ukali mpaka kahawa ikamwagika. Mimi nilifuta kahawa. Niliona mkono wa Tela uko juu ya goti, umelifunika, kama mtu anayeficha kitu asinyang'anywe. Lakini kazi yangu ni birika.

Siku ya nne alikuja dada mmoja na saa ya ukutani kwapani. Hatukuwa tumemwona kabla. Akamsalimia kila mmoja, shikamoo zake kamili, akakaa upande wa msumari, akaruka, akakaa tena pembeni. Dakika akaanza kuifungua saa yake. Dada akawa hana la kufanya ila kutazama kigari: kimelala juu ya mto wa maua, barafu ubavuni, magurudumu yanazunguka polepole, na mzee anahesabu.

Dada: Kinaumwa?

Redio: Kinazoeshwa, mwanangu. Bushi mpya. Ni taaluma.

Dada: Tangu lini?

Redio: Leo ya nne. Utaratibu upo, umeandikwa na wataalamu. Uko hapo chini.

Tela: Usiiguse hiyo karatasi, ina mafuta.

Lakini alikwisha kuivuta ili isilowe barafu, na karatasi ikafunguka yote. Akaisoma, midomo ikitembea. Akaigeuza. Akatazama kigari kwa chini, huku na huku, kwa bidii, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea.

Dada: Samahanini wazee wangu. Hapa juu pameandikwa "Mazoezi baada ya kuwekewa goti." Goti la hiki kigari liko wapi?

Jamani. Dakika aliweka bisibisi chini. Redio aliinama akachungulia chini ya kigari, kulitafuta goti. Barafu ilikuwa inadondoka kwenye mto, tone, tone. Dada akaanza kuona aibu.

Dada: Nauliza tu.

Tela alikuwa anatazama rimoti mkononi.

Tela: Nilitaka nione kwanza kwake.

Redio: Nini?

Tela: Kama hakitavunjika. Chuma kipya ndani ya cha zamani, unakizungusha, unakizungusha... Nikasema tuone kwake kwanza. Nimeshusha tani thelathini mlimani breki zikinuka, sikuogopa. Hatua kumi bila fimbo naziogopa. Naogopa, ndugu zangu, mwacheni binti yangu asijue.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, ambaye nimekifuata kigari kile kwenye mawe mara arobaini na nikaapa nitakitupa mtaroni, roho iliniuma.

Dakika aliinuka. Akakichukua kigari kwenye mto wake, akafuta weusi kwenye ekseli kwa kitambaa, akashika kila gurudumu na kulitingisha. Halafu akakizungusha karibu na sikio la Tela.

Dakika: Unasikia?

Tela: Sisikii kitu.

Dakika: Ndiyo. Zimekubali. Tangu siku ya kwanza jioni zilikubali.

Akakiweka chini, mahali tambarare, mbele ya benchi.

Redio: Dada, wiki ya pili inasemaje?

Dada: "Simama. Hatua kumi, ukishika mtu."

Rimoti inataka mikono miwili, kwa hiyo Tela alimpa Redio. Fimbo akaiacha imeegemea ukuta. Bega akanishika mimi, kwa nguvu za mtu aliyezoea usukani, mpaka leo lina alama. Kigari kikaondoka. Tukakifuata. Moja. Mbili. Ya nne goti likalia, kok, nikalisikia mimi mwenyewe, na Tela akaganda.

Tela: Linalia.

Dakika: Mpya zote hulia.

Akavuta pumzi. Tano. Sita. Dada alikuwa anahesabu na saa yake mbovu kifuani. Tisa. Kumi.

Tela: Haya, basi. Redio, simamisha.

Redio: Kinasimamishwa wapi?

Tela: Achia kidole!

Redio: Kidole kipi?

Kigari hakikusimama, na Tela hakutaka kukiona kikitumbukia mtaroni na bushi zake mpya. Kumi na moja. Kumi na tano. Alikuwa ananivuta sasa, anamtukana Redio kwa majina yote ya barabarani, na Dakika na dada wako nyuma yetu. Kwenye ishirini na tatu kigari kilifika ukingo, na Tela, bila kuniita kijana, aliinama akakidaka.

Huwa kahawa inaisha, benchi bado limejaa. Niligeuka nikaona benchi ni tupu, pamebaki mto na fimbo, na birika langu linachemka peke yake.