Maneno ya Fundi Saa Mlangoni

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi wa Jumba la Sanaa,
majirani mliokuja na viti vyenu,
na nyinyi watoto mliokaa mbele, tulieni, picha inakuja.

KARIBU UANI KWETU

Sisi wa Kikundi cha Picha za Uani tunakusalimu kwa heshima na kukupa pole ya njia. Tumefurahi kwamba umekuja mwenyewe, hukutuma mtu. Kiti chako kikicheza kidogo usiogope; ndicho tulichokuwa tunapandia kufunga hilo shuka jeupe mbele yako, na tangu hapo mguu mmoja umelegea.

Risala hii wenzangu wamenipa niisome kwa kuwa ndimi mkubwa wa umri, na uani ni wangu. Nitasoma polepole. Shule niliiachia madarasa ya chini, lakini mimi na herufi bado tunasalimiana.

TULIKOANZIA

Kikundi kilianzia kwenye simu ya mjukuu wangu. Mtaa mzima unamwita Kimya, kwa sababu tangu aanze kupiga picha, neno lake ni hilo. "Kimya!" kwa wakubwa, "kimya!" kwa kuku. Alimwomba jirani yetu Mama Pindo, fundi cherehani, aigize binti. Akamtuma mtu kwa Cheche, anayechomelea vyuma upande wa pili wa ukuta, azime mashine. Cheche akaja kuuliza anazimishwa kwa nini, akabaki kushika kioo cha kurushia mwanga mpaka leo.

Baba wa hadithi ni Fundi Saa, ambaye ni mume wangu. Yeye hakuombwa. Kilichotakiwa ni chumba chake cha kutengenezea saa, naye akasema chumba hakitoki bila mwenyewe.

Hadithi ni fupi. Fundi wa saa amegombana na binti yake, binti akaondoka. Siku moja anarudi, anasimama nje, anaogopa kubisha. Baba anamwona dirishani. Anakuja mpaka mlangoni na kusema, "Mlango sijafunga, mwanangu. Sukuma tu." Basi. Filamu nzima inatembea kuyafuata maneno hayo.

TULIYOYAWEZA

Mama Mkurugenzi, taa za filamu hatukuwa nazo. Balbu tulikuwa nazo. Siku ya kwanza tuliwasha ya njano ya chumbani pamoja na nyeupe ya Cheche, na mzee akatoka shavu moja la papai bivu, shavu la pili la mtu aliyeoga majivu. Mama Pindo akatazama simu, akauliza, "Sasa mimi nirudi kwa baba yupi kati ya hawa wawili?"

Tukazima zote, tukalifuata jua. Asubuhi likiingia mlangoni, Cheche alilipokea kwa kioo cha mlango wa kabati langu, akalirusha kwenye shuka, na shuka likaupeleka mwanga usoni kwa mzee taratibu, bila kumchoma. Shuka ni hilo hilo mtakalotazamia filamu. Kabati nalo halijapata mlango mpaka leo, lakini silaumu mtu.

Simu nayo ilikuwa na tabia ya kujiamulia. Mzee akipita mbele ya mlango, anakuwa mweusi hata pua huioni. Akikaa, anang'aa kama sinia. Kimya akahangaika mpaka akajua pa kubana kwa kidole ili mwanga usicheze. Na picha za karibu tulizipata kwa kile kioo cha kukuzia ambacho mzee hukibana jichoni akiwa kazini. Alikivua, wakakishika mbele ya simu. Mtayaona meno ya gurudumu la saa makubwa kama ya msumeno. Mzee alipoyaona akasema, "Kumbe ndivyo ninavyoona peke yangu miaka yote."

KILICHOTUSHINDA

Kinachoonekana kwenye filamu kwa dakika moja sisi tulikipiga kwa siku kadhaa, na ukuta wa mzee umejaa saa, na saa haisubiri mtu. Kimya alipounganisha vipande kwenye kompyuta, baba aliuliza saa tatu, binti akajibu saa nane. Ikabidi tuzisimamishe saa zote, kila moja ikashika saa tatu kasoro dakika chache.

Jambo hilo lilimuuma mzee kuliko tulivyodhani.

"Wateja wangu wakiona hii watasema nini? Fundi gani huyu, ukuta mzima umekufa?"

"Babu, ni hadithi tu," Kimya akamwambia.

"Hadithi yako. Jina langu."

Siku ya maneno ya mlangoni, sisi tukiwa nje tunahangaika na kioo, mzee alizijaza saa zote ufunguo na kuziachia zitembee. Hakumwambia mtu. Sisi tulitazama ukutani tukaona saa tatu kasoro, tukaridhika. Kimya akasema "kimya!" Mzee akaja mlangoni, akamtazama Mama Pindo, akafungua kinywa. Moja ikagonga, nyingine zikadakia, na ukuta mzima ukalia saa tatu juu ya maneno yake.

Hakusimama. Alisema mpaka mwisho, huku anatabasamu, maana hata moja haikuchelewa, na macho yamemjaa machozi kwa ajili ya yule binti. Uso ule hakuutoa tena. Tulirudia mpaka jua likahama, haukuja. Kimya akasema tutatumia picha ile ile, sauti tutaibandika baadaye. Ndivyo watu wa filamu wanavyofanya, mtu anajitazama kwenye picha anasema upya, na maneno yanawekwa kwenye midomo yake.

Baadaye hiyo ilikuja na maradhi ya koo. Alipoanza kukwaruza tulidhani ni vumbi la chumba. Madaktari wamechungulia, wakasema mahali panapotoa sauti lazima paondolewe. Jumatatu anaingia hospitali. Wamesema atarudi, atakula, atatengeneza saa zake. Kusema kama alivyozoea kusema, hapana.

Kwa hiyo tumejaribu kuichukua sauti yake hapa hapa. Tulimfunika mablanketi kuzuia kelele, akatoka jasho na kikohozi. Cheche alizima mashine zake kutwa nzima, hapo ndipo tukajua kwamba nyuma yake kulikuwa na kinu cha kusaga nafaka. Kinu kiliponyamaza, mvua ikashuka juu ya bati. Kimya amejaribu kuzifuta zile saa kwa kompyuta, ameiweka juu ya kitambaa kibichi ili isichemke na kujizima, lakini akiondoa mlio, mzee naye anaondoka nao. Anabaki kama mtu anayeongea ndani ya pipa.

Kuna aliyetoa wazo kwamba Cheche aseme badala yake. Cheche akasema, tukaitia sauti yake kwenye picha. Mzee akajiona kwenye picha anatoa sauti ya Cheche, akacheka mpaka tukamshika mgongo. "Huyo akiniambia nisukume mlango, mimi narudi nilikotoka." Tulicheka wote. Halafu hakuna aliyecheka.

OMBI LETU

Mama Mkurugenzi, tunajua wanaokuja kwako wanaomba kamera na mitambo. Sisi ombi letu ni chumba.

Kimya alipoleta mwaliko ofisini kwako alikosa pa kukaa, karani akamwambia achukue kiti chumba cha nyuma. Ni kile chenye kuta zilizovikwa zulia nene, ambacho sasa viti vimepandana mpaka karibu na dari. Mtoto akapiga kofi moja mle ndani. Kofi halikurudi. Aliniambia, "Bibi, sijawahi kusikia mahali kama pale. Nilisikia nguo zangu."

Tunaomba chumba hicho asubuhi moja tu, kabla ya Jumatatu. Viti tutavitoa wenyewe na kuvirudisha vilivyokuwa. Cheche mgongo anao. Maikrofoni ikiwepo tutashukuru, isipokuwepo tutaweka simu yetu. Mzee atasema mara atakazoweza, hakuna atakayemharakisha.

Wenzangu wameniruhusu niongeze la kwangu. Wao wanataka filamu iishe, na mimi pia nataka. Lakini sauti ya mzee tuliyobaki nayo nyumbani, kwenye simu zetu zote, ni ile ya "haloo, haloo, mbona hamnisikii?" Sipendi wajukuu zangu wabaki na hiyo.

TUNAMALIZIA

Filamu inaanza sasa hivi. Itakapofika mlangoni mtaiona midomo ya mzee inatembea na mtasikia saa tupu. Tafadhali asiinuke mtu kugonga spika, spika ni nzima. Maneno nimeshakutajia, Mama, unaweza kuyaweka mwenyewe moyoni kwa leo. Mwenye nayo ndiye huyo aliyekaa kushoto kwako mwenye kofia. Amekataza kuombewa, kwa hiyo tumekuomba chumba, yeye hatujamwombea.

Na kama umeshangaa uani pametulia hivi, si kwamba Kimya ametufokea. Asubuhi, bila kuambiwa na mtu, mzee alipita ukutani akazisimamisha saa zote kwa mkono wake mwenyewe, moja moja, ili risala hii isikike.

Mungu akulinde, Mama Mkurugenzi, akuzidishie afya na subira ya kazi, na nyumba yako isikose wa kuita wala wa kuitika.

Ni sisi,
Kikundi cha Picha za Uani