Fundi Cheche na Lori la Platini

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Fundi Cheche anavua ovaroli. Mimi mtunza stoo, niliyemwazima spana muda wote huo na kurudishiwa chache, ndimi niliyeombwa kumwandikia wasifu. Wengine waliogopa kwamba atawasahihisha. Na mimi atanisahihisha, lakini nimeshazoea.

Alianza kazi akibadilisha matairi, akapanda hadi kuwa fundi mkuu wa magari yote ya idara yetu ya maji. Ana mikono mizuri na mdomo usio na breki. Siku Meneja alipoleta gari lake akilalamikia kelele, alishauriwa aongeze sauti ya redio. Akashukuru, akaondoka.

Ila habari yake kubwa ni lori la maji. Lile kuukuu la petroli lilikuwa linawashwa na kisanduku cha umeme. Kikaungua, tukaweka kingine, nacho kikaungua, na madukani havipatikani tena. Meneja akaamua lori lipigwe mnada, na dereva wake, Kaka Honi, akaambiwa kazi yake inakwisha pamoja nalo. Kaka Honi ana watoto wanaosoma. Siku hiyo hakupiga honi hata mara moja, tukajua mambo mazito.

Fundi Cheche akaomba asubiriwe hadi Ijumaa. Akaenda kusaka distributa ya zamani ya kuwashia injini bila kisanduku, ile yenye platini, vibati viwili vinavyogusana na kuachana mpaka cheche inatoka. Mafundi wenzake walimcheka weee! Watu wanakwenda mbele, yeye anarudi enzi za babu. Akawajibu kwamba babu alikuwa anafika alikokwenda. Akabadilisha koili, akafunga kondensa, na kwa kuwa kipimo cha nafasi ya platini hakikuonekana, akatoa mfukoni ile kadi ndogo ya Meneja yenye jina na cheo, akaipenyeza katikati, akakaza skrubu. Alitutangazia kwamba hatimaye Meneja ameisaidia karakana.

Ijumaa kamati ya mnada ikafika na Meneja, chai mkononi. Kaka Honi akapiga stata. Lo! Ekzosi ikalipuka, chai ikahamia kwenye shati, na mwenyekiti wa kamati tukamtoa chini ya meza. Bingwa wetu alikuwa ameifunga distributa kinyume, mbele nyuma. Hata hakupepesa jicho. Alisema alikuwa anasafisha masizi, akaichomoa, akaigeuza, na safari hii injini ikashika, ikanguruma taratibu. Kaka Honi alipiga honi mpaka majirani wakaja kushtaki. Mnada ukafa hapo hapo.

Tatizo la platini ni kwamba zinalika, zinataka kurekebishwa kila mara, na wa kuzirekebisha ndiye huyu anayeondoka. Mwaka huu Kaka Honi akaanza tena kukosa usingizi. Akapanga awe anampelekea mstaafu lori nyumbani. Shemeji yetu, mke wa fundi, akakataa katakata: amemgoja mumewe miaka yote hiyo, hataki aje na lori. Akaamuru Kaka Honi aje Jumapili ajifunze mwenyewe, na asipoweza arudi Jumapili nyingine. Alirudi Jumapili nyingi, maskini, akitoka na vidole vyeusi na masimango ya kumtosha.

Wiki iliyopita lori liligoma getini asubuhi, watu mitaani wanasubiri maji. Tukamtazama Fundi Cheche. Akatia mikono mifukoni makusudi. Kaka Honi akashuka, jasho likimtoka, akafungua kifuniko, akasugua platini, akapima, akafunga, akapiga stata. Likawaka. Fundi Cheche akageukia ukutani akifuta macho, akidai petroli imemrukia. Petroli gani? Nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega, na mimi nilikuwa nalia vilevile.

Asante, Fundi wetu, kwa magari, kwa vicheko, na kwa riziki ya mwenzetu uliyoiokoa. Nenda kapumzike na shemeji, mle maisha kwa raha na afya. Lori linawaka bila wewe, na hiyo ni kazi yako.